Maabara iliyomwita mama yangu mwongo

Nimeandika na kufuta mara tatu. Nyota moja au mbili, nitaamua nikifika chini, maana kila nikilikumbuka neno la yule dada damu inanichemka.

Mama ana vali ya bandia moyoni. Anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, kila usiku baada ya isha, na kila mwezi tunapima INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda. Safari hii, kabla mvua hazijaanza, nilimpeleka kwenye maabara moja ya binafsi hapa Dar kwa sababu nilisikia hakuna foleni. Kweli hakuna, na kiyoyozi kipo. Lakini aliyemtoa damu alikuwa na simu kaibana kati ya sikio na bega, anacheka na mtu. Akajaza kichupa cha kifuniko cha bluu, akakichomeka kwenye kishikio, maongezi yakaendelea. Nilikiona kimesimama pale. Sikusema kitu, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwenye saa sita dada wa mapokezi akaita, watu wote wanasikia: "Bibi, damu yako imeganda. Wewe dawa hunywi. Kanywe dawa ndiyo uje, na utalipia upya."

Mama yangu! Mwanamke anayehesabu vidonge kama anavyohesabu tasbihi. Akasema taratibu, "Nakunywa, mwanangu." Dada alishageukia mtu mwingine.

Mimi nafundisha Baiolojia, kidato cha tatu na cha nne. Ngoja basi nimfundishe dada, bure.

Warfarini haigusi zile nyuzi zinazogandisha damu. Inachofanya ni kulizuia ini lisiitumie vitamini K ipasavyo, kwa hiyo protini za kugandisha namba 2, 7, 9 na 10 zinatoka pungufu. Thrombini, kimeng'enya kinachoanzisha nyuzi zenyewe, hutokana na hiyo namba 2, kwa hiyo inapatikana kwa kuchelewa. Kuchelewa, dada. Ikishapatikana, kinachofuata hakiulizi nani kakunywa nini.

Kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, ya mtu mzima kuna gramu 2 hadi 4 za protini iitwayo fibrinojeni kwa lita, molekuli ndefu za nanomita 45, kila moja inaelea kivyake. Thrombini inakata vipande vidogo vya katikati. Palipokatwa panajitokeza vifundo, na vifundo hivyo vinaingia kwenye vitundu vilivyo kwenye ncha za molekuli jirani, kama kifungo cha shati. Hapo ndipo inaitwa fibrini. Zinapangana safu mbili zikipishana nusu kwa nusu, vile fundi anavyopishanisha matofali, na uzi unarefuka wenyewe. Kisha nyuzi zinalala ubavu kwa ubavu, zinanenepa, zinatoa matawi, mara wavu umekamilika na chembe nyekundu zimenasa humo kama dagaa. Mwishoni protini namba 13 inapita kushona maungio. Hakuna msimamizi, hakuna anayetoa amri! Nikifika hapa darasani kengele huwa siisikii.

Sasa, kile kichupa cha bluu kina maji kidogo ya sitreti. Sitreti inaikamata kalisiamu, na bila kalisiamu hatua za kuizalisha thrombini zinakwama. Ila damu iwe sehemu 9 kwa 1 ya sitreti, na kichupa kipinduliwe taratibu mara tatu au nne, pale pale, sindano ikitoka tu. Kisipopinduliwa, kuna damu ambayo haijaonana na sitreti, na hiyo itaganda tu. Ya mama, yangu, hata yako dada. Wa kuulizwa alikuwa yule mwenye simu.

Nikapita hadi dirisha la maabara nikiwa nimefura. Kumbe ndani kuna kijana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza (sikumaliza haraka), akaleta kichupa na vijiti viwili vya mbao, akavuta. Kikatoka kitu cha utelezi, chekundu, pembeni cheupe, kikarefuka na kurefuka hata kukatika hakitaki. "Mwalimu," akasema, "hata kingekuwa punje ya mchele tusingetoa jibu. Fibrinojeni imeshaliwa humu. Namba ingekuwa ya uongo."

Hapo nusu ya hasira iliniishia, nakiri. Wangeweza kuitia kwenye mashine hivyo hivyo, wakatupa karatasi, daktari akaja kubadilisha dozi ya mama kwa namba ya uongo. Walikataa. Kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Kijana akamtoa damu mwenyewe, mkono wa pili. "Shikamoo mama, nakuumiza kidogo." Akakipindua kichupa huku mimi nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Hakukasirika.

Jibu: 2.8. Ndani ya kiwango alichopangiwa na daktari wake. Asiyekunywa dawa huwa karibu na 1. Mwongo gani ana 2.8?

Nikampelekea dada karatasi ile aisome. Akaisoma. Akasema, "Sawa, na malipo ya pili bado." Tukalipa! Kosa lao, mkono wa mama yangu umechomwa mara mbili, na pesa tukatoa. Nyota nne zikayeyuka pale pale kaunta.

Kwenye bajaji nikaapa hatukanyagi tena. Mama akaniambia tutarudi, ila twende siku ambayo yule kijana yuko zamu, sindano yake hakuisikia kabisa. Nikamuuliza, na yule dada wa mapokezi je? "Mwache. Saa sita ile, pengine hata chai hajanywa."

Nyota tatu, basi. Hapana, mbili.