Kisanduku cha kuzalishia samaki: kwa danio kinafanya nusu ya kazi

Hiki ni kile kisanduku cha plastiki kinachoning'inizwa ndani ya tangi, chenye sakafu ya mianya. Kilibuniwa kwa ajili ya gapi, ambao huzaa watoto hai. Mimi nakitumia kwa danio lulu (Danio margaritatus), samaki wadogo wanaotaga mayai, na hao ni habari nyingine kabisa. Jike hutupa mayai ovyo kwenye majani, machache machache, halafu hana habari nayo tena, isipokuwa akiwa na njaa. Dume naye hasubiri kukaribishwa.

Sakafu ndiyo iliyonifanya nikipende. Yai halifiki milimita moja, hivyo linapenya na kutua chumba cha chini, na mzazi wa sentimita mbili halifikii. Jioni naweka jike aliyejaa tumbo na dume aliyekolea rangi, pamoja na fungu la mosi wa Java (Java moss, mmea laini wa majini). Bila majani wanazubaa tu. Asubuhi mwanga ukiingia, dume anatandaza mapezi, anatetemeka mbele ya jike, kisha anambana ndani ya mosi. Sekunde chache, wameachana. Mulika chumba cha chini kwa tochi kutoka ubavuni utayaona mayai, angavu kama chembe za kioo.

Malalamiko yangu sasa. Maji ya chumba cha chini yamelala. Yai moja likifa linageuka jeupe, linaota ukungu, na ukungu unahamia kwa majirani. Nilipopitisha mpira wa pampu ya hewa, vali ikiwa karibu kufungwa ili povu litoke moja moja, hasara ilipungua sana. Mtengenezaji angeweka tundu la mpira huo tangu mwanzo! Kifuniko walau kinashika vizuri, maana danio wanaruka.

Halafu joto. Kisanduku kinakaa kwenye maji ya tangi kubwa, kwa hiyo joto la humo ndilo la mayai. Samaki hawa walijulikana mwaka 2006 karibu na Hopong, Myanmar, nyanda za zaidi ya mita 1,000, na wakapewa jina la kisayansi mwaka 2007. Si samaki wa maji moto. Tangi lililowekwa nyuzi 28 kwa ajili ya samaki wengine haliwafai. Mimi nabaki kwenye 24.

Kulea vifaranga humo, sahau. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, vifaranga hugandama ukutani wakila kiini chao, na wakianza kuogelea wanapenya mianya na kuishia midomoni mwa wakubwa. Kwa hiyo nayavuta mayai kwa dropa mapema na kuyahamishia kwenye chombo kidogo chenye maji yale yale na kichujio cha sponji. Chakula cha kwanza ni vidudu visivyoonekana kwa macho. Kukamulia humo sponji ya zamani ya kichujio, yenye vidudu hivyo, husaidia. Artemia (uduvi wadogo sana wa maji chumvi) waliototolewa punde wasubiri kama wiki moja au zaidi, midomo ikue. Unga wa vifaranga siupendi, unazama na kuoza.

Nyota tatu kati ya tano, zote za kukusanyia mayai. Mwenye Boraras, samaki wengine wadogo sana, apime kwanza upana wa mianya, maana wale ni wembamba kiasi kwamba hata mzazi anaweza kujipenyeza.