Teachable Machine na wanangu: choroko zimewafundisha AI kuliko kozi ya kulipia

Wazazi wenzangu habari zenu. Kila nikikutana na mama wa watoto wanaosoma na binti yangu naulizwa ule mchezo wa kompyuta wa Jumamosi pale kwako ni nini, nikianza kueleza barabarani naishia njiani, kwa hiyo naandika yote hapa.

Nina binti wa darasa la 5 na mdogo wake yuko la 3. Mwanzo nililipia kozi ya watoto ya mtandaoni, jina naliacha, elfu 60 kwa mwezi. Video za katuni, maswali ya kuchagua a b c d, kila wiki cheti. Wiki ya tatu namuuliza binti AI (akili bandia) ni nini ananijibu "ni roboti lina akili". Basi. Iliniuma kweli na sio kwa ajili ya hela tu, maana hawa ndo watakuja kuomba kazi na mikopo huku mashine inawachambua, sasa mtu anamfundisha mtoto aishangae tu asijue inafikaje kwenye jibu.

Nikahamia Teachable Machine, tovuti ya Google ya kufundisha kompyuta itambue picha au sauti. Ni bure, hakuna kujisajili, unafungua kwenye brauza, laptopu iwe na kamera. Unaweka makundi angalau mawili, kila kundi unaliandikia jina, unashikilia kitufe kamera inapiga picha mfululizo, ukimaliza unabonyeza ijifunze, inachukua muda mfupi tu, afu unaionyesha kitu inakwambia ni cha kundi gani na kwa asilimia ngapi.

Tulianza na vilivyokuwepo jikoni, choroko na kunde. Choroko tukaziweka kwenye sahani nyeupe, kunde kwenye sahani ya bluu, picha kama 100 kila moja. Ikapatia kila kitu watoto wakaruka ruka pale. Sasa mdogo akachukua kunde akazimwaga kwenye sahani nyeupe, mashine ikasema choroko, tena asilimia 98! Akanigeukia, "mama inadanganya". Nikanyamaza makusudi. Wakageuza geuza, wakaleta sahani tupu nyeupe, ikasema choroko, sahani tupu ya bluu, kunde. Hapo binti akapiga kelele "haiangalii kunde, inaangalia sahani!" Jamani nilisisimka mwili. Hilo ndo jambo lenyewe, mashine haijui choroko ni nini, inashika chochote kinachotofautisha picha ulizoipa, na wamelijua kwa mikono yao bila mtu kuwaambia.

Tukarudia, choroko na kunde kwenye sahani zote mbili, mkononi, kwenye ungo, mezani. Ikawa na akili kidogo. Afu mdogo akaionyesha kijiko. Kunde! Akauliza mbona haisemi tu haijui, na swali hilo hata watu wazima wengi hawaulizi. Nikawaeleza kwamba inagawa asilimia 100 kwa makundi uliyoipa tu, haina mlango wa kutokea, lazima ichague. Wenyewe wakaongeza kundi la tatu wakaliita "kitu kingine" wakapiga picha vijiko, ndala, sura zao.

Kitu kilichonituliza kama mzazi ni kwamba kujifunza kunafanyika ndani ya laptopu yako humo humo kwenye brauza, picha za watoto haziendi kokote mpaka wewe mwenyewe uamue kuhifadhi mtandaoni. Na picha chache zinatosha kwa sababu haianzi sifuri, chini yake kuna programu ya kutambua picha iitwayo MobileNet ambayo ilishafundishwa kwa picha nyingi mno, ni kama mtoto mwenye macho yake tayari, wewe unampa majina tu.

Wiki iliyofuata tukaingia kwenye sauti. Hapo inakutaka kwanza urekodi sekunde 20 za kelele za chumba chenyewe ili isichanganye feni na mtu. Wakarekodi "ndiyo" na "hapana" wao wawili na mtoto wa jirani, ikashika vizuri. Akaja bibi yao akasema "ndiyo" yake ya taratibu, ikaleta hapana. Bibi akarudia, hapana tena. Mdogo alitaka kulia. Binti akasema lakini sisi tumeifundisha sauti za watoto tu, bibi hatukumweka.

Nikawahadithia habari ya watafiti wawili wa AI, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mwaka 2018 walipima programu za makampuni makubwa za kutambua jinsia kwa sura, kwa wanaume weupe kosa halikufika hata asilimia 1, kwa wanawake weusi programu mojawapo ilikosea mpaka asilimia 34.7. Sikuhitaji kueleza kwa nini. Binti alijibu mwenyewe, "hawakuwaweka". Mtoto wa miaka 11!

Ushauri wangu ukianza usikimbilie kurekebisha, ikikosea waache wahangaike nayo hata nusu saa. Na usiache mtoto mmoja ndo ashike mausi muda wote. Binti saivi nimemuongezea Machine Learning for Kids ya Dale Lane, tovuti nyingine ya kufundisha mashine, ile unaunganisha na Scratch, programu ya watoto ya kutengeneza michezo, anatengeneza sura inayocheka ukiiandikia maneno mazuri na kununa ukiiandikia mabaya, mifano yote anaandika Kiswahili, mdogo bado kidogo kwa tovuti hiyo.

Bibi anarudi Jumamosi hii. Wameshaweka kiti chake mbele ya laptopu, na wamemuomba aje na shoga zake wawili.