Modeli ya Nyonga kwa Wanafunzi wa Ukunga: Beseni Lisilo na Kitako

Modeli ya nyonga inayouzwa katika duka moja la vifaa vya tiba katikati ya jiji la Mwanza imetengenezwa kwa plastiki ngumu, ina ukubwa wa nyonga ya mwanamke mtu mzima, na huja pamoja na kichwa cha mwanasesere na kijitabu chembamba cha maelezo. Nafundisha ukunga, na wanafunzi wamekuwa wakiniuliza kama kifaa hiki kinafaa kununuliwa. Kinafaa, ila kina upungufu mmoja mkubwa ambao mwalimu hana budi kuuziba mwenyewe.

Kijitabu kinaanza vizuri sana, kwa kueleza asili ya neno pelvis. Katika Kilatini neno hilo lilikuwa jina la beseni la kunawia, na Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata inalitumia katika Yohana 13:5, pale Yesu alipotia maji katika chombo akaanza kuwaosha wanafunzi wake miguu. Wanaanatomia waliliazima jina hilo wakaliita duara la mifupa linaloundwa na mifupa miwili ya nyonga, sakramu (mfupa mpana ulio chini ya uti wa mgongo) na kifandugu (kijifupa cha nchani mwake). Mwanafunzi aliyezoea kuona mabeseni ya dagaa pale sokoni Mwaloni, Kirumba, hahitaji kuelezwa mara mbili: ukingo umetanuka juu, kisha tumbo linazama. Modeli inazionyesha sehemu hizo waziwazi. Mabawa mapana ya iliamu, sehemu ya juu ya kila mfupa wa nyonga, ndiyo ukingo, yaani nyonga kubwa au pelvis major, na chini yake ipo nyonga ndogo, pelvis minor, ambayo ndiyo hasa njia ya mtoto. Mpaka kati ya hizo mbili umechorwa kwa mstari mwekundu unaozunguka mlango wa juu, na ningependa kila modeli ya aina hii iwe na mstari huo.

Vipimo navyo vinaridhisha. Mlango wa juu wa nyonga ya kawaida una takribani sentimita 13 kutoka upande hadi upande, na takribani 11 kutoka mbele hadi nyuma, ilhali kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina upana wa takribani sentimita 9.5. Ukikishika kichwa cha mwanasesere na kukiingiza, unaona mara moja kwa nini mtoto huingia akiwa ameelekeza uso ubavuni: huko ndiko kuliko na nafasi. Kifandugu kimeunganishwa kwa mpira, kwa hiyo husogea nyuma kichwa kinapopita, kama kinavyofanya kwa mama anayejifungua.

Tatizo linaanzia chini. Beseni la kawaida lina kitako, lakini beseni hili la mifupa liko wazi, na kitako chake katika mwili wa mtu ni misuli, hasa ule uitwao levator ani. Modeli haina misuli hiyo, na kijitabu hakiitaji hata kwa sentensi moja. Huu si upungufu mdogo, kwa kuwa misuli hiyo hubeba kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kichwa cha mtoto kinapoigusa, mteremko wake husaidia kukizungusha hadi kisogo kielekee mbele. Kwenye modeli kichwa kinadondoka moja kwa moja mezani. Mwanafunzi anayejifunza hivyo ataondoka akiamini kwamba kuzaa ni suala la mifupa peke yake, na hataelewa kwa nini mama aliyechanika vibaya huweza kushindwa kuzuia mkojo au choo. Mimi hukata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakipasua katikati kutoka mbele kwenda nyuma, kisha nikakifunga kwenye mlango wa chini kwa kamba. Hakizungushi kichwa kama misuli hai inavyofanya, ila mwanafunzi anaona kwamba kuna kitu pale chini, na kwamba kitu hicho hutanuka.

Jambo la pili ni ukurasa wa mwisho wa kijitabu, wenye mchoro wa figo ambao sehemu yake moja imeandikwa "pelvis" bila maelezo yoyote. Hiyo ni pelvis renalis, nafasi yenye umbo la faneli ambamo mkojo hukusanyika kabla ya kushuka kwenye ureta, mrija unaoupeleka kwenye kibofu. Jina ni lilelile la beseni, lakini mahali ni pengine kabisa, na ilitosha kuongeza sentensi moja. Wakunga wanauhitaji ufafanuzi huu, kwa kuwa pyelos, neno la Kigiriki la hori au beseni, ndilo lililozaa jina pielonefritisi, maambukizi ya figo ambayo hatuyachukulii kirahisi kwa mjamzito.

Vibandiko vya majina havishiki vizuri. Viandike upya kwa kalamu ya wino usiofutika. Bei ni kubwa kwa mwanafunzi mmoja, hivyo nashauri kikundi kichange na kuitunza kwa zamu. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mkipitishe kichwa cha mwanasesere kutoka juu hadi chini, kwa sababu baadhi ya vichwa ni vidogo kuliko inavyotakiwa na hupita popote bila kufundisha chochote.