Vikao 12 vya hipnosi kwa ajili ya tumbo: uzoefu wangu

Nimeishi na tumbo sumbufu kwa miaka tisa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijua vilipo vyoo vya kila stesheni ya treni kati ya nyumbani na kazini kwangu, hapa Manchester. Madaktari huuita ugonjwa wangu IBS: tumbo linasokota na kujaa gesi, choo leo kigumu kesho maji, na bado kipimo cha damu, cha choo na hata cha kamera vyote vinarudi safi. Nilimeza dawa za kulegeza misuli ya utumbo, nikaacha maharage, vitunguu na ngano kwa miezi kadhaa. Nafuu ilikuja kidogo, ikaondoka. Mwishowe daktari wangu akaniandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa hipnosi ya utumbo, yaani tiba ya kumtuliza mtu sana na kumwongoza kwa sauti ili utumbo nao utulie.

Foleni ilikuwa ya miezi saba, na hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimwendea mtu binafsi niliyeona tangazo lake, ambaye hakuuliza kipimo hata kimoja, akaniahidi kupona kwa kikao kimoja, kisha akasema tungechimba utoto wangu kutafuta siri iliyojificha tumboni. Nililipa pauni 80, sikurudi tena. Baadaye nilijifunza mambo mawili ambayo laiti ningeyajua mapema. La kwanza ni kwamba nchini Uingereza sheria hailindi jina la mtaalamu wa hipnosi kama inavyolinda la mkunga au la mfamasia, kwa hiyo yeyote anaweza kutundika kibao mlangoni. La pili ni kwamba hipnosi haiifanyi kumbukumbu kuwa sahihi zaidi. Mtu anaweza kutoka pale akiamini kwa dhati jambo ambalo halijapata kutokea.

Mtaalamu wa hospitali alikuwa na taaluma ya uuguzi, na kikao cha kwanza hakikuwa na hipnosi yoyote. Aliuliza kwa muda wa saa nzima: je, nimewahi kuona damu kwenye choo, je, nimepungua uzito bila sababu, je, nimewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kwa kuwa mgonjwa wa aina hiyo hafanyiwi tiba hii kiholela. Kisha akanieleza kwamba utumbo na ubongo hupelekeana habari saa zote kupitia neva, na kwamba kwa watu kama mimi habari ya kawaida, kama vile gesi kupita, hupokelewa kuwa ni maumivu, hofu ikapanda, na hofu hiyo ikarudi kuukaza utumbo uleule. Mimi nilimwelewa kwa mfano wangu mwenyewe: tumbo langu lina mlinzi wa usiku anayepuliza filimbi kila paka akipita juu ya ukuta. Paka ni wa kweli, mlinzi si mwongo, ila mtaa mzima haulali.

Kikao cha pili ndicho kilichokuwa cha kazi. Nilikaa kwenye kiti cha kuegemea, nikatazama nukta moja ukutani hadi kope zikalegea, nikaambiwa nishuke ngazi kumi huku nikihesabu. Nilipofika ya sita niligundua kwamba nilikuwa natafsiri, jambo ambalo halimtulizi mtu hata kidogo. Nilimweleza, naye akasema nihesabu kwa lugha yangu, na tofauti ilikuwa kubwa. Baada ya hapo niliweka kiganja juu ya tumbo na kuuwaza ujoto unaopenya ndani taratibu, kisha nikauwaza utumbo kama mto. Yeye aliusimulia mto wa huku kwao, wenye majani mabichi na ng'ombe. Mimi nilikuwa Pangani, pale mto unapokutana na bahari, pantoni ikivuka kwenda Bweni. Siku za kuharisha niliuona mlango wa mto uko kwenye bamvua, maji yanasukumana, na kazi yangu ilikuwa kuyatuliza hadi yawe maji mafu. Siku za choo kigumu nilifanya kinyume chake.

Sikulala, na hili nalisisitiza. Nilisikia toroli la chai likipita koridoni, na ningetaka kuinuka ningeinuka. Neno lenyewe limetokana na Kigiriki cha usingizi, na lilienezwa katika miaka ya 1840 na James Braid, daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi papa hapa Manchester. Baadaye aliona jina hilo linapotosha, akapendekeza jingine, lakini lilikuwa limekwisha kushika. Mama mdogo aliniuliza kwenye simu kutoka Tanga kama Wazungu nao wameanza kupunga pepo. Nilicheka, ingawa swali lake lilikuwa na mantiki, maana kote kuwili mtu anatulizwa na kuongozwa kwa sauti. Kwenye ngoma ya pepo, hata hivyo, anayesema ni pepo na mwenye mwili huenda asikumbuke. Mimi hakuna aliyeniingia, na nakumbuka hadi rangi ya pazia.

Wiki nne za kwanza sikuona kitu. Nilipewa rekodi ya dakika 20 ya kusikiliza kila siku, yenye filimbi ya kuudhi nyuma yake, na siku nilizoiruka zilijionyesha. Kuanzia kikao cha sita maumivu yalianza kushuka. Katika daftari langu, ambamo niliyapima kwa alama kumi, yalitoka saba hadi tatu kufikia kikao cha 12. Choo kimetengemaa kwa kiasi, si sana. Gesi ipo palepale, ila haiji tena na ile hofu.

Nisingependa msomaji aamini kwa ajili ya daftari langu tu. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha katika jarida la tiba la Lancet jaribio la wagonjwa 30 waliokuwa na hali mbaya, na waliopewa hipnosi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mazungumzo ya kisaikolojia pamoja na vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 204, ambamo asilimia 71 waliitikia tiba, na wengi wao walikuwa bado na nafuu walipofuatiliwa, baadhi yao kwa miaka mitano au zaidi. Tangu 2008 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, inataka tiba za kisaikolojia, hipnosi ikiwemo, zifikiriwe kwa mgonjwa wa IBS ambaye dawa hazijamfaa kwa miezi 12. Kwingineko hipnosi husaidia hofu kabla ya matibabu, maumivu, na ule ujoto wa ghafla wa wanawake waliokoma hedhi. Kwa kuacha sigara ushahidi ni dhaifu, japokuwa matangazo yake ndiyo mengi.

Malalamiko yangu ni foleni, saa za kazi nilizopoteza, na ile filimbi. Hiyo ya mwisho niliitatua kwa kujirekodi mwenyewe kwenye simu, kwa Kiswahili na kwa idhini ya mtaalamu, nami husikiliza mara mbili kwa wiki sasa. Wiki iliyopita treni ilisimama dakika 40 kabla ya kufika Stockport, choo kikiwa kimefungwa. Niliweka kiganja tumboni chini ya koti, nikafumba macho, na pantoni ikavuka mara mbili kabla hatujaondoka.