Kulala kwenye tenti za kifahari Ishasha na mzee wangu: bei, chakula, simba na yale ambayo hawakuambii

Nianze na bei maana najua ndicho mnachokitafuta. Ukiingia kwenye tovuti za hizi loji za tenti huko Ishasha, kusini mwa hifadhi ya Queen Elizabeth, unakutana na mamia ya dola kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, unafunga simu unaendelea na maisha yako. Ila jamani hiyo ni bei ya mgeni anayetoka Ulaya huko. Kuna bei nyingine ya raia wa Afrika Mashariki na wanaoishi Uganda kwa pamiti, na hiyo nyingi haziitangazi kabisa, lazima uiulize mwenyewe. Mi nilipiga simu, dada aliyepokea akaanza kunisomea madola, nikamwambia dada yangu mi Mtanzania naishi hapa Kampala na nakuja na baba yangu anatoka Bukoba, nipe ya kwetu, akacheka, akaenda akarudi, ikashuka karibu nusu. Bado siyo hela ndogo, tusidanganyane, ila kwa mtu anayeweka kidogo kidogo inawezekana.

Getini ni hivyo hivyo. Sisi tulipokwenda, raia wa Afrika Mashariki ilikuwa shilingi 20,000 za Uganda, mgeni wa nje dola 40, na hiyo ni ya masaa 24 kwaiyo ukilala zaidi unalipa tena, gari nalo lina hela yake. Beba kitambulisho chenyewe au pasipoti, ile picha ya kwenye simu usiitegemee.

Jina la loji silitaji kwasababu kuna mazuri na mabaya ntayasema na sitaki kesi.

Sasa kwanini tenti na siyo hoteli ya ukuta. Kiukweli ni mimi tu nilitaka, mzee alikuwa anapinga. Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu, alikuwa kwenye vita ya Kagera, aliposikia tunakwenda kulala kwenye hema akaniambia "mwanangu, mahema ya Uganda mimi niliyalala bure mwaka 1979, wewe leo unayalipia?" Njia nzima kutoka Kampala ni hiyo hiyo, tumefika Lukaya tunakula kuku wa kijiti na gonja (ndizi za kuchoma) anaileta tena, Masaka ananionesha walipopita, Mbarara tena ananionesha, mi nimeshachoka namwambia baba kula kuku.

Tenti yenyewe basi. Ondoa kichwani yale mahema ya kukodi ya kwenye harusi na matanga. Ni turubai nene limesimamishwa juu ya deki ya mbao na juu yake kuna paa jingine la nyasi linalozuia jua na mvua, ndani kuna kitanda kikubwa chenye neti, sakafu ya mbao, meza ya kuandikia (sijui nani anaandika porini lakini ipo), na nyuma kuna choo cha kuflashi na sinki. Bafu liko nje chini ya mti limezungushiwa uzio, maji ya moto hayatoki bombani, unamwambia kijana saa unayotaka kuoga anakuja kuyajaza kwenye ndoo kubwa iliyoning'inizwa juu, unavuta mnyororo. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika kuhusu hiyo ndoo, nikaoga jioni huku mbega weupe kwa weusi wanaruka kwenye matawi juu yangu, malalamiko yakaisha. Kasoro ni moja, usijipake sabuni mwili mzima halafu ukaanza kufikiria maisha, maji yanakatika.

Umeme ni wa sola. Taa zinatosha, simu unachaji, lakini pasi na drai ya nywele acha nyumbani. Waifai ipo risepsheni tu na inatambaa. Kule Ishasha usiku ni baridi kuliko mnavyodhani, ukirudi kutoka kula unakuta wameshafunga mapazia na kuweka chupa ya mpira ya maji ya moto ndani ya shuka, baba alikanyaga ile kitu gizani akaruka, akadhani ni mnyama. Asubuhi yake akaanza kuulizia inauzwa wapi Kampala.

Mambo ya usiku nayo. Hakuna uzio. Narudia, hakuna uzio kati yako na wanyama. Tenti zetu zilikuwa ukingoni mwa mto Ntungwe na viboko giza likiingia wanatoka majini kula nyasi, kwaiyo huruhusiwi kutembea peke yako jua likishazama, unawasha tochi kuelekea njiani au unapuliza filimbi waliyokupa, askari anakuja kukusindikiza. Usiku wa kwanza nilimsikia kiboko anakata nyasi pembeni ya turubai kabisa, krap krap krap, nikawa nasema hii zipu ndiyo inanilinda mimi? Baba tenti ya jirani anakoroma. Muongozaji wetu alituambia wanyama wanaiona tenti kama kitu kizima kama jiwe, hatari ni wewe kutoka nje ukakaa katikati ya kiboko na mto. Kwaiyo kama una mtu nyumbani anayeamka usiku kuchungulia kila sauti, mfikirie kabla ya kulipa. Watoto wadogo pia, loji nyingi za aina hii zina umri wa chini wanaopokea, ulizeni.

Simba sasa, maana Ishasha bila simba ni nini. Hawa ndio wale wanaopanda miti. Simba anaweza kupanda mti popote akiamua, ila kuna sehemu chache ambako wameifanya tabia, kwetu Tanzania ni Manyara na Uganda ni Ishasha. Wanapenda mikuyu mikubwa yenye matawi yaliyolala, wanapanda jua likikolea, na muongozaji anasema sababu ni nyingi kwa pamoja, kukimbia joto la chini na nzi wanaouma, kupata upepo, halafu kule juu wanawaona swala wale wa kob kwenye nyasi. Kwaiyo siri ni hii, gemu draivu (kuzunguka na gari kutafuta wanyama) ya alfajiri utaona nyati, tembo, nyamera, kob mpaka uchoke, lakini simba wa mtini usimtafute saa moja asubuhi, mtafute jua likishawaka. Kuna wageni walitoka alfajiri wakarudi saa tatu kunywa chai wamenuna, sisi tukabaki nje, kuelekea saa tano tukakuta majike matatu wamelala kwenye mkuyu miguu inaning'inia, mmoja mkia unapigapiga shavu la mwenzake na mwenzake hana habari. Tulikaa pale mpaka dereva akaanza kukohoa.

Nivae nini? Usivae bluu iliyokolea wala nyeusi, mbung'o wanavutwa na hizo rangi, nilimkuta dada mmoja amevaa jinzi mpya na tisheti nyeusi amepiga picha nzuri sana ila alikuwa anajichapa mapaja njia nzima.

Muongozaji wetu ndiye aliyenifanya nione hela yangu haijapotea, kuliko kitanda kuliko chakula. Kijana wa Kanungu hapo hapo jirani, anaongea Kiswahili kizuri kabisa, na akikwama anaingia Rukiga na baba anamjibu Kihaya wanaelewana. Alituambia habari za mwezi Machi 2021, simba sita walikutwa wamekufa hapo Ishasha wamepewa sumu na wamekatwa viungo, na mwaka 2018 huko kaskazini mwa hifadhi, Hamukungu, walikufa kumi na moja na watoto humo. Akatuambia habari ya Jacob, simba mwenye miguu mitatu, mguu mmoja aliupoteza kwenye mtego, Februari 2024 yeye na ndugu yake Tibu waliogelea Mfereji wa Kazinga humo humo hifadhini usiku, zaidi ya kilomita moja, kwenye maji ya mamba na viboko, na watafiti waliwarekodi kwa droni ya kuona joto. Wanadhani walikuwa wanafuata majike upande wa pili. Baba akasema "kwa miguu mitatu?" akanyamaza, halafu "wanaume bwana."

Na kwenye tembo baba naye akatoa yake. Muongozaji alikuwa anaeleza kwamba hifadhi hii ilikuwa na tembo maelfu, mpaka kufikia 1980 walibaki kama 150 kwa ajili ya ujangili na vurugu za miaka ile, ndio wakaongezeka tena polepole. Mzee akasema kipindi kile kila mwenye bunduki alikuwa anakula nyama ya porini, asikudanganye mtu. Yule kijana akamuuliza mzee na wewe? Baba akaangalia dirishani akasema huyo tembo mkubwa ana miaka mingapi? Tulicheka.

Chakula. Kizuri, ila cha kizungu mno na kinakuja kidogo kidogo kwenye sahani kubwa, supu ya malenge, halafu unasubiri, samaki kipande, unasubiri, keki. Baba usiku wa kwanza alimaliza vyote akauliza chakula kinaletwa saa ngapi. Nikaenda kuongea na mpishi jikoni nikamwambia mwenzetu hebu tupikie kama nyumbani, yaani alifurahi mwenyewe, kesho yake asubuhi katogo la matoke na maini, chai ya maziwa na tangawizi, wale wageni wengine wakaanza kuangalia meza yetu. Kwa Waislamu wenzangu, sema wakati wa kubuku kwamba unataka halali, sisi tulisema mapema wakatuambia nyama itatoka kwa mchinjaji Muislamu, ila kwenye chai ya asubuhi soseji na bekoni za nguruwe zinakaa meza moja na vingine, kuwa makini na kijiko cha kupakulia. Soda na maji ya ziada havikuwemo kwenye bei yetu, na bei ya soda moja pale unanunua kreti Kihihi, mji ulio karibu. Ukilipa kwa kadi wanaongeza asilimia juu, uliza kama wanapokea mobile money.

Kilichoniudhi sasa. Tumefika, tumeshuka kwenye gari, kijana wa mapokezi ana trei ya juisi na vitaulo vya baridi, akatuangalia akachungulia nyuma yetu akauliza "wageni wako wapi?" Akadhani mi na dereva tumeleta watalii na yule mzee sijui ni nani. Baba akamjibu kwa sauti ya parade, "Wageni ndio sisi. Lete juisi." Meneja aliomba radhi na kuanzia hapo walituhudumia vizuri sana kusema ukweli, lakini hivi mnatangaza utalii wa ndani kila siku, mtu mweusi akishuka na begi lake bado mnatafuta mzungu nyuma yake? Wafundisheni vijana.

Usalama, watu wengi waliniuliza. Ng'ambo ya mto Ishasha ni Kongo, hifadhi ya Virunga, na mwaka 2019 mtalii Mmarekani na dereva wake walitekwa upande huu wa hifadhi, waliachiliwa siku chache baadaye. Mwaka 2023 wageni wawili na muongozaji wao waliuawa ndani ya hifadhi hii hii ya Queen Elizabeth. Sifichi. Sisi tulikuta askari wengi na hatukuona tatizo, ila angalia hali ilivyo wiki unayokwenda, na usizurure bila muongozaji.

Njia, piteni Ntungamo, Rukungiri, Kihihi, ni lami karibu yote mpaka unakaribia. Ile ya kupitia Katunguru kukata katikati ya hifadhi ni fupi kwenye ramani ila ikinyesha malori ya Kongo yanazama pale yanaziba njia, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba msiijaribu na gari dogo.

Tulipokuwa tunalipa bili baba aliuliza kama kwa wastaafu kuna diskaunti nyingine. Hakuna. Ila ukiwa na mzee, wakati wa kubuku omba tenti iliyo karibu na sehemu ya kulia chakula, zile za mwisho kando ya mto ndio nzuri zaidi kwa wanyama lakini njia ina mizizi, na kumsubiri askari usiku na mzee aliyebanwa mkojo ni shughuli nyingine.