Nguruwe mwitu au mbuzi-samaki? Anza na mkia

Mawe ya Ukuta wa Antoninus, ukuta wa Warumi huko Scotland ulioanza kujengwa mwaka 142 hivi, yana wanyama wawili wanaochanganywa sana yakishaliwa na mvua. Nguruwe mwitu ni nembo ya Legioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Roma) ya XX Valeria Victrix, ya Chester, Uingereza. Mbuzi-samaki, mbuzi mbele na samaki nyuma, ni wa Legioni ya II Augusta, ya Caerleon, Wales. Ndiye Jadi wa wanafalaki wetu, nyota aliyoipenda mfalme Augusto.

Wengi hukimbilia kichwa. Mimi sikiamini: pembe huvunjika, pua husagika. Tazama nyuma. Mbuzi-samaki hana miguu ya nyuma. Kiwiliwili kinakonda na kujisokota kuwa mkia wa samaki. Nguruwe ana miguu minne, mara nyingi yuko mbioni, na mgongoni kuna mistari ya manyoya magumu kama meno ya chanuo. Yule wa jiwe la Hutcheson Hill, chini ya maandishi, ni mfano mzuri.

Ukiona farasi mwenye mabawa pembeni, ni II Augusta tena. Ila ukiwa Mainz, Ujerumani, tahadhari: huko mbuzi-samaki ni wa XXII Primigenia.