Kalibu za silikoni za kugandishia yogati na matunda

Kwa familia yenye friza na watoto wanaopenda barafu za vijiti, kalibu za silikoni zinazouzwa katika maduka ya vyombo vya nyumbani zinastahili kununuliwa, mradi mnunuzi achague zenye kuta nene na kifuniko kinachobana. Ubora wake mkubwa ni ulaini, kwani kalibu hukunjuliwa na barafu ikatoka nzima, ilhali zile za plastiki ngumu hulazimika kuchovywa kwanza katika maji ya vuguvugu, na mara nyingi kijiti huchomoka peke yake.

Hata hivyo, kalibu nzuri haiwezi kuokoa mchanganyiko mbaya. Yogati nyepesi na tikiti maji huganda kwa chembe kubwa ngumu, kwa sababu maji ni mengi. Embe bivu au ndizi iliyosagwa pamoja na yogati nzito, iliyochujwa kwa kitambaa safi, hubaki laini mdomoni, kwa kuwa sukari ya tunda huzuia sehemu ya maji isigande. Mimi huongeza maji ya pasheni, na ladha yake ya uchachu napendelea kuliko sukari yoyote ya dukani.

Kasoro zipo mbili. Kalibu hizi huyumba zikijazwa, hivyo ni lazima ziwekwe juu ya sinia kabla ya kumiminiwa. Tena silikoni hunasa harufu, kwa hiyo zisihifadhiwe karibu na samaki.